Kabla useme imekufa, toa RAM kwanza

Wiki mbili sijaposti kitu na mnauliza kama nimepata kazi. Sijapata. Nimekuwa nimekaa kwa sakafu ya duka la mathe hapa Kagio, na bisibisi mkononi, nikipigana na kompyuta ya 2004. Karibu tuwe rika moja.

Mathe anauza mbegu, mbolea na dawa za nyanya. Kama umewahi kupita Kagio unajua soko lenyewe: makreti ya nyanya, vitunguu, mchele wa Mwea kwa magunia. Wakulima wengi huchukua dawa leo, walipe wakishavuna. Nani anadaiwa, ngapi, tangu lini, yote iko kwa Excel ndani ya hiyo Pentium 4. Mathe aliinunua mtumba 2012 na pesa ya chama. Inatumia Windows XP, ile ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Haijawahi kuonja intaneti. Kazi yake ni moja tu, kuweka madeni.

Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Asubuhi ukibonyeza, taa inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni giza na hakuna mlio. Fundi akaja, akaangalia kama dakika tatu hivi. "Madabodi imekufa. Nunueni laptopu."

Mathe akauliza swali moja tu: "Na madeni ya watu?"

Nikasema wacha nijaribu. Si ati nilikuwa na ujuzi. Nilisoma mambo ya kompyuta chuo mwaka mmoja na nusu kabla niache, na sikuwahi kufungua hata moja. Lakini nilikuwa na muda, na kusema ukweli, niliona pia nitapata video.

Kitu cha kwanza hakikuwa kurekebisha. Kilikuwa kuokoa. Nilitoa diski, ile ya zamani ya waya mpana wa IDE, na beshte yangu akanitumia kwa matatu adapta ya USB kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Faili zote zilikuwepo. Nikanakili mara mbili, moja kwa flashi, moja kwa simu. Shika hiyo: kama kuna kitu ndani huwezi kukipata tena, kitoe kwanza kabla ya kuanza ufundi.

Halafu nikavua kila kitu. Nikachomoa waya za diski, CD, kadi ya sauti na USB. Nikabaki na madabodi, prosesa, RAM na pawasaplai. Ukiwa na vitu kumi huwezi jua nani mkorofi. Ukiwa na vinne, unaanza kumshuku mtu. (Pawasaplai yenyewe usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa, ndani inaweza kuwa bado imeshika umeme wa kukurusha.)

Hapa sasa ndipo nilipojifunza kitu. Nikatoa RAM zote mbili, nikawasha bila hata moja. Unajua ilifanya nini? Ililia. Mlio mrefu, ukanyamaza, ukalia tena.

Mathe akatoka mbio akidhani nimeiharibu kabisa. Kumbe hiyo ndiyo habari njema niliyokuwa naitafuta. Kompyuta ikilalamika kwamba haina memori, maana yake prosesa inafikiri na madabodi inaongea. Maiti hailalamiki.

Kutoka hapo ilikuwa ni subira. Nikasugua meno ya RAM na raba ya kawaida ya mtoto wa shule, polepole, nikapuliza vumbi kwa nafasi zake. Nikarudisha moja. Giza. Nikaihamisha nafasi ya pili. Giza. Nikajaribu ile nyingine, na skrini ikawaka. Ikaandika kwamba mipangilio imepotea, na kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2003. Hiyo ni ile betri ndogo ya duara ya CR2032, inayoshikilia saa hata mashine ikizimwa. Ilikuwa imeisha. Nikabadilisha, nikaweka tarehe sawa, nikaanza kujisifu.

Dakika ishirini baadaye ikaganda.

Nikaizima, nikamulika ndani na tochi ya simu. Karibu na prosesa kuna vimikebe vidogo vinaitwa kapasita, kazi yake ni kutuliza umeme usiyumbeyumbe. Juu vinafaa kuwa bapa. Vitatu vilikuwa vimevimba kama vifuniko vya maziwa yaliyoharibika, na kimoja kilikuwa kimetoa ukoko wa kahawia. Kumbe hii ni hadithi ya dunia nzima. Kompyuta nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000, za kampuni tofauti tofauti, zilitoka na kapasita mbovu ambazo huvimba na kuvuja. Mashine yetu ilikuwa imebeba huo ugonjwa tangu kiwandani. Kupotea kwa stima kulimalizia tu.

Kuchomea sijui. Nikaipeleka madabodi kwa mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na stendi. Akaivuta karibu na miwani yake. "Kijana, nani alisema hii imekufa?"

"Fundi, guka."

"Alipima?"

Sikujibu, kwa sababu hakuwa amepima.

Akaweka kapasita zenye mikrofaradi sawa na volti zisizopungua zile za mwanzo, akahakikisha upande wa hasi umekaa pale pake. Nikarudi dukani, nikasafisha vumbi kwa feni, nikabadilisha dawa ya joto ya prosesa iliyokuwa imekauka kama udongo. Imewaka siku tisa sasa. Haijaganda.

Basi. Hiyo ndiyo video niliyokuwa nimepanga. Lakini lile swali la guka limekataa kunitoka.

Wale wa kitambo mnakumbuka video yangu ya "Chuo ni skamu". Ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Nilisema niliacha kwa sababu mfumo umekufa, hakuna kitu mle ndani. Mliipenda. Kuna mmoja aliniandikia kwamba na yeye ameacha kwa sababu yangu. Nilimjibu na emoji ya ngumi.

Ukweli ni huu. Nilianguka kozi moja. Nikawa na salio la karo. Sikuingia ofisi yoyote kuuliza kama ningeweza kurudia huo mtihani, au kulipa kidogo kidogo, au kuahirisha masomo mwaka mmoja. Niliona haya. Nikafunga begi, nikapanda gari, na kufika Sagana nilikuwa nimeshaandika kichwa cha video. Nilikuwa yule fundi wa dakika tatu.

Siwaambii mrudi chuo. Pengine kwako madabodi imekufa kweli, hiyo inatokea. Wengine hapa mnafanya biashara na mko sawa kabisa. Ninachosema ni pima. Tenganisha vitu. Ni pesa? Ni kozi yenyewe? Ni hofu? Ni mtu? Kila moja ina dawa yake, na bei zake hazilingani. Betri niliyobadilisha ilikuwa ya bei ya soda. Laptopu tungeinunua kwa mkopo.

Yule uliyeniandikia, nimekutafuta leo asubuhi nikakutumia ujumbe. Kama hujauona, angalia. Ile video nimeitoa.

Mimi mwenyewe sijui kama nitarudi. Jumatatu nitapiga simu kule ofisini niulize tu salio ni ngapi, kwa sababu hata hiyo sijawahi kujua kamili.

Jana jioni mathe aliandika deni la kwanza tangu mashine ipone, kwa kidole kimoja kama kawaida yake. Huniita baba, kwa sababu nimebeba jina la babake. Akasema bila kugeuka, "Baba, kumbe wewe ukikaa chini unaweza." Sijui kama alikuwa anaongea juu ya kompyuta.