Sinia la Juu ya Mnara

Mtu anyweshaye bustani kwa mkebe uliotobolewa kwa misumari hajisumbui sana mkebe ukilala upande kidogo. Mche uliokosa maji leo utapewa kesho, na mvua ikinyesha husahihisha makosa yake yote. Lakini ndani ya minara ya viwanda hakuna kesho wala mvua. Jambo hili nilijifunza kwa aibu nikingali kijana, katika kiwanda kimoja cha spiriti kilichokuwa katika nchi ya miwa, magharibi ya Kenya.

Aghalabu mpita njia aonapo minara ile hudhani ni mabomba ya moshi. Sivyo. Ndani yake hukutana wasafiri wawili: kiowevu hushuka kutoka juu na gesi hupanda kutoka chini, ili mmoja achukue mzigo wa mwenziwe. Mnara wetu ulikuwa wa kuosha gesi. Molasi ichachukapo mapipani hutoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo iondokapo huchukua mvuke wa spiriti ikaenda nao. Basi hupitishwa mnarani, maji yakaipokonya mali ile, kisha maji hayo yakapelekwa kuchemshwa pamoja na pombe nyingine.

Kama mnara ungekuwa mtupu, maji yangeanguka kama jiwe kisimani na gesi ingepita kando yake bila salamu. Kwa hiyo hujazwa vitu vya kuyachelewesha maji na kuyatandaza. Mwaka 1836 Mwingereza William Gossage alitwaa kinu cha upepo kilichoachwa huko Worcestershire, akakijaza vichaka na matawi, akayatiririsha maji juu yake ili yanase gesi ya asidi iliyotoka katika kazi ya kutengeneza magadi kwa chumvi. (Magadi tunayoyachimba sisi ziwani, wenzetu iliwabidi wayapike.) Gesi ile iliunguza miti na mazao ya majirani, hata Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1863 kuwalazimisha wenye viwanda wainase sehemu 95 katika kila 100. Baadaye Mjerumani Friedrich Raschig alileta pete fupi ambazo urefu wake ni sawa na upana wake, nazo humwagwa mnarani ovyo kama mahindi ghalani. Mnara wetu ulijazwa pete za namna hiyo.

Lakini pete haziwezi kuponya kosa lililofanywa juu yake. Maji yaliyoanza vibaya hushuka vibaya. Tena yana tabia ya kukimbilia ukutani na kuteremka huko, yakiacha katikati pakavu. Juu ya pete, basi, hukaa sinia pana lenye matundu mengi, na kila tundu lapaswa kutoa sawa na jirani yake. Katika minara mirefu huwekwa sinia jingine katikati ya safari, la kuyakusanya maji yaliyopotea na kuyagawa upya.

Mnara wetu ulifunguliwa ukasafishwa. Tulipuliza hewa safi na kupima kabla ya mtu yeyote kuingia, maana gesi ile ni nzito kuliko hewa, haionekani, nayo huua mtu kabla hajaita. Kazi ya kulirudisha sinia nilipewa mimi. Fundi mkuu aliniagiza nilipime kwa pimamaji pande zote. Ndani palikuwa na joto kama chunguni, na kengele ya chakula ilikwisha kulia. Nililitazama sinia kwa jicho, nikaliona limelala vema, nikakaza bolti, nikashuka. Katika kitabu cha ukaguzi niliandika kwamba limepimwa, nikatia sahihi.

Juma la pili spiriti ilipungua. Mwendeshaji wa zamu ya usiku, mzee mwenye watoto shuleni, akaulizwa kama alikuwa akilala kazini. Akaongeza maji. Hiyo ndiyo dawa ambayo kila mtu huifikiria kwanza, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioishauri. Upande uliolowa ukazidi kulowa, upande mkavu ukapata kidogo tu, na gesi ikaendelea kupenya palipokuwa rahisi kupenya. Huko chini maji yakatoka hafifu, spiriti yake ikiwa imezimuliwa, na tanuri likala mafuta zaidi ili kuyachemsha. Hasara ikawa mbili. Hapo watu wakaanza kunong'ona neno wizi, na yule mzee akaambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi uishe.

Usiku ule nililikumbuka sinia. Siwezi kusema kwamba nilikuwa na hakika. Lakini nilishuku, na sahihi yangu ilikuwa kitabuni. Nilinyamaza siku nne. Siku ya tano nilimwendea fundi mkuu nikamwambia sikupima. Nilitazamia matusi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Lete mpira wa maji, na mikebe 12."

Mnara ulipokwisha kupulizwa na kupimwa tuliingia, tukapanga mikebe chini ya matundu, maji yakafunguliwa. Mikebe ya upande mmoja ilijaa wakati ile ya upande wa pili ingali na nafasi. Kisha tukaujaza maji ule mpira mwangavu, akashika ncha moja nami nyingine, na maji yakatuonyesha kwamba sinia limeinama milimita 10 kutoka ukingo hadi ukingo. Chini ya ukingo wa juu palikuwa na kipande cha gasketi kuukuu ambacho sikukibandua.

Milimita 10 ni chini ya unene wa kidole. Lakini kina cha maji katika sinia lile kilikuwa milimita 25 tu, hivyo upande mmoja palikuwa na 20 na upande wa pili 30. Maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina kilicho juu yake. Mwanafunzi na agawe 30 kwa 20, kisha atafute kipeuo: ataona kwamba kwa kila ndoo 100 za upande huu, upande ule ulipata 122. Kama kina kingekuwa milimita 100, kosa lilo hilo lingeleta tofauti ya sehemu 5 tu katika 100. Ndiyo maana wajenzi wengine hupunguza matundu ili maji yasimame juu zaidi; ila matundu madogo nayo huziba upesi kwa kutu na uchafu, na tundu lililoziba ni dhuluma ya namna nyingine.

Tulibandua gasketi, na hesabu ya spiriti ikarudi mahali pake. Mzee aliitwa kazini. Nilimngoja langoni jioni ile nikamweleza yote.

"Ulijua siku ngapi?" akauliza.

"Nne, Mzee."

"Siku nne," akasema, "mke wangu alikwenda kisimani saa za mchana, wakati hakuna watu."

Hakusema zaidi. Mshahara wangu ulikatwa, nami nikapewa kazi ya kuosha mapipa. Mnara ulipofunguliwa tena, yeye mwenyewe aliomba awepo. Alipanda ngazi polepole, akaingia, akanyosha mkono apewe ncha ya mpira, akaniambia nisogee kando kwa kuwa nilikuwa nikimzibia mwanga.