Daftari Letu Liko kwa Nani?

Nilikuwa karani wa mapato katika halmashauri moja kwa miaka mingi. Nilianza na kitabu cha stakabadhi na karatasi ya kunakilia. Fedha zikipungua jioni, tulifungua kitabu, na kosa likaonekana kwa macho.

Baadaye zikaja mashine za mkononi za kukatia risiti. Halmashauri haikuwa na fundi wake, ikapatana na kampuni ya watu binafsi. Kampuni ikaleta mashine, ikatia programu, na hesabu zote zikakaa katika kompyuta zake mjini. Tulifurahi, maana kazi ilikuwa nyepesi.

Siku moja mama mmoja, mwenzetu wa sokoni, aliambiwa kwamba anadaiwa shilingi 640,000. Aliapa kwamba kila senti ameipeleka benki. Mkubwa wetu akamjibu, "Mashine haisemi uongo." Nami, naona haya kukiri, nilinyamaza.

Akakatwa mshahara miezi mitatu. Kisha fundi wa kampuni alikuja kwa shughuli nyingine, akasema kwamba mtandao ukikatika, risiti moja huweza kuandikwa mara mbili. Alisema hivyo kama jambo dogo. Kwao lilijulikana, kwetu hakuna aliyejua hata la kuuliza. Mama yule alirudishiwa fedha. Je, jina lake sokoni, nani alimrudishia?

Nilidhani huo ni ushamba wetu, hata niliposoma habari za Posta ya Uingereza, ambayo ni mali ya serikali. Tangu 1999 ilitumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ikawa Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu usiokuwapo. Mafundi wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za posta ndogo kutoka mbali, na Posta ikalikana jambo hilo kwa miaka. Sheria nayo ilichukulia kwamba kompyuta ni sahihi mpaka mshtakiwa aonyeshe kasoro. Wasimamizi zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta mamia ya hukumu.

Sisemi serikali isiajiri makampuni. Hata nyumba zetu twajengewa na fundi. Lakini mwenye nyumba husimama pale, akatazama msingi. Tena yawezekana kujifanyia wenyewe: GePG, mfumo wa Tanzania wa kupokea malipo ya serikali ulioanza 2017, ulitengenezwa na wataalamu wa serikali.

Basi, kazi ikikodishwa, yafaa hesabu zibaki mali ya serikali, mkataba uilazimishe kampuni kutangaza kila kasoro, na ofisini awepo mtumishi anayeuelewa mfumo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, ila funguo ziko kwa mwingine.

Nasi tulio ofisini, mwenzetu akisema, "Sikuiba," tumsikilize kwanza. Mimi nilichelewa. Nilipostaafu nilimwendea mama yule nikamwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia, "Ungesema siku ile, ingetosha."