Nguo za Kwenda Mji wa Mvua: Barua kutoka Bergen

 

Kila nikipiga simu Nakivale naulizwa swali moja: “Mama, tukipata safari ya nchi za baridi, tubebe nguo gani?” Nimejibu wengi kwa simu mpaka vocha ikakatika katikati. Leo nimeona niandike, ili kila familia isome na kujadiliana nyumbani. Nitawaeleza makosa niliyofanya mimi mwenyewe, maana mwenye kuungua ndiye anayejua moto.

KOTI LA MBUZI

Tulipopewa tarehe ya kuondoka, mwaka 2018, tuliambiwa tunakwenda Norway, mji wa Bergen. Nilisikia neno baridi tu. Mvua hakuna aliyenitajia, au labda ilitajwa na mimi sikusikia kwa furaha. Nikasema moyoni, watoto wangu hawatakufa baridi mimi nikiwa hai.

Pesa sikuwa nazo. Mamamkwe wangu alikuwa na mbuzi mmoja jike, ndiye aliyekuwa akimtegemea. Yeye hakuwa kwenye safari yetu, alibaki. Akaniambia: “Mwanangu, uza. Mimi nimezoea baridi ya huku.” Nikauza, nikapanda gari hadi Mbarara, nikaingia kwenye soko la mitumba, mivumba kama wanavyosema Waganda. Nikanunua koti moja kubwa jeusi, zito kama godoro, na suruali za jinzi tatu za watoto. Yule muuzaji akaniapia: “Hii mama ni ya Ulaya kabisa, barafu haiwezi kupita.” Nikaridhika. Nilirudi nyumbani nimelikumbatia, na majirani wakaja kulishika mmoja mmoja.

Tulifika Bergen mwezi wa kumi. Kutoka kwenye ndege, mvua. Siyo ile mvua yetu inayopiga mabati kwa kishindo saa moja halafu jua linatoka na ardhi inakauka. Hii inanyesha polepole, inapumzika kidogo, inaanza tena, na upepo unaileta kutoka ubavuni. Mpaka tunafika kwenye nyumba tuliyopewa, koti langu lilikuwa limekunywa maji yote. Nililivua kwa kusaidiwa na mume wangu. Lilikaa siku nne halijakauka, likaanza kunuka. Mbuzi wa mama ndiyo hiyo imelowa, nikawaza, na nikalia bafuni ili watoto wasinione.

MJI WENYEWE UKOJE

Bergen uko pwani ya magharibi ya Norway, umezungukwa na milima, wenyeji husema milima saba. Upepo unatoka bahari kuu ukiwa umebeba unyevu, unagonga ile milima, unapanda juu, unapoa, na maji yanamwagika mjini. Kwa mwaka mzima hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Sisi tuliozoea vumbi la Isingiro, ambako watu hutazama mawingu wakiomba mahindi yasikauke, hesabu hiyo ni ngumu kuamini. Wenyeji wenyewe bado wanakumbuka kwamba kuanzia tarehe 29 Oktoba 2006 hadi 21 Januari 2007 mvua ilinyesha kila siku, siku 85 bila kuruka hata moja.

Lakini msiogope, mji ni mzuri. Kando ya bandari kuna Bryggen, nyumba za mbao za wafanyabiashara wa zamani, nyekundu na njano, zimeshikana kama ndugu. Ziliungua pamoja na sehemu kubwa ya mji mwaka 1702 zikajengwa upya, na tangu 1979 ziko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuna gari la reli linalopanda mlima Fløyen, tangu 1918 linabeba watu, na ukifika juu unauona mji wote chini yako na bahari. Kwa miguu pia inawezekana, ni bure, na ndivyo sisi tunavyofanya Jumapili. Kuna soko la samaki ambapo nilisimama muda mrefu nikiwaza dagaa wa Tanganyika.

Jambo ambalo halikunijia akilini: baridi ya Bergen si kali kama wengi wanavyofikiri. Bahari ile ina maji ya uvuguvugu yanayotoka mbali kusini, kwa hiyo hata Januari joto la kawaida liko juu kidogo ya sifuri. Mwezi wa kumi ni kama nyuzi 8 au 9. Wenzetu walioko Oslo na kaskazini wanapata theluji nyingi. Sisi tunapata maji. Ndiyo maana nguo ya Bergen siyo nguo nzito. Ni nguo kavu.

BARUA YA CHEKECHEA

Binti yangu mdogo alikuwa na miaka minne, akapata nafasi chekechea. Huku watoto wanatolewa nje kucheza kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Siku ya kwanza nilimvalisha jinzi, sweta la pamba na viatu vyeupe vya kanisani, nikamfunga nywele vizuri. Jioni nikamkuta amevaa nguo ambazo si zake: ovaroli ya plastiki ya rangi ya machungwa, gambuti za bluu, na ndani nguo laini inayobana mwili. Zake zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni zinachuruzika maji.

Mwalimu alinipa karatasi yenye orodha. Mimi kusoma kile kilugha sikuweza. Nikajua tu wananiambia sijui kulea. Nikafika nyumbani nimekasirika, nikamwambia baba watoto: “Kesho mtoto haendi. Wanamtupa nje kwenye mvua kama mbwa, halafu wanamvua nguo zangu!”

Jirani yetu wa ghorofa ya chini ni dada mmoja wa Uvira, amekaa huku miaka mingi. Akaja, akasoma ile karatasi, akaanza kucheka mpaka nami nikakasirika zaidi. Akasema: “Dada yangu, hawajakutukana. Haya ni mambo ambayo hata mtoto wa hapa anaandikiwa. Wao wana msemo, kwamba hali ya hewa mbaya haiko, kuko nguo mbaya tu. Kesho twende nikuonyeshe.”

Kesho yake alinipeleka Fretex, maduka ya mitumba ya Jeshi la Wokovu. Kumbe mitumba iko hata huku! Nilijisikia nimerudi Mbarara, tofauti tu hakuna anayekuvuta mkono. Pale ndipo nilipofundishwa kuvaa, nikiwa na umri wa miaka 34.

NGUO TATU, MOJA JUU YA NYINGINE

Dada yule aliniambia nivae kama kitunguu. Sikilizeni vizuri.

Nguo ya kwanza ni ile inayogusa mwili. Iwe ya sufu, nyembamba, mikono mirefu na miguu mirefu. Kwenye kibandiko cha ndani tafuteni neno ull, ndiyo sufu kwa lugha yao. Sufu hata ikipata unyevu bado inakupa joto. Pamba haiko hivyo: ikilowa inashikamana na ngozi na kukunyonya joto lote. Jinzi ni pamba. Fulana zetu nyingi ni pamba. Ndiyo sababu binti yangu alikuwa anatetemeka.

Nguo ya pili ni ya kuhifadhi joto: sweta la sufu, au lile koti jepesi lenye manyoya ya nailoni ambalo sokoni kwetu liko tele. Hili mkilipata mitumbani kwa bei nafuu, lichukueni, ni jepesi kwenye begi.

Nguo ya tatu, ya juu, kazi yake ni kuzuia maji na upepo. Haina haja ya kuwa nene. Iwe na kofia yake, zipu inayofika kidevuni, na mikono inayofunika vifundo. Namna ya kuipima, hata pale Nakivale, ni rahisi: mwagieni kikombe cha maji begani, mngoje dakika chache, pitisheni mkono ndani. Ndani pakilowa, hiyo siyo ya mvua, hata muuzaji aape kwa mama yake. Tazameni pia mishono, maana maji hupenya kwenye matundu ya sindano.

Miguuni, gambuti, boti kama wanavyosema wengine, na ziwe kubwa kidogo ili soksi ya sufu iingie. Gambuti inayobana ni baridi.

Mwavuli msihangaike nao sana. Mwavuli wangu wa kwanza uligeuzwa na upepo siku ya pili, ukawa kama bakuli. Nikautupa kwenye pipa, na humo ndani nikakuta mingine miwili.

KITU KINACHONG'AA

Kuna jambo moja dogo ambalo ni la uhai. Mwisho wa mwezi wa kumi wanarudisha saa nyuma kwa saa moja, na giza linaingia mapema. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama kama saa tisa na nusu alasiri, na asubuhi linachomoza saa nne kasoro. Mtoto anakwenda shule gizani na kurudi magharibi. Sasa makoti ya watu wengi ni meusi, na mvua inazuia dereva kuona. Kwa hiyo watu wanahimizwa kuvaa kitambaa kinachong'aa kikimulikwa na taa ya gari, kwenye mkono, begi au mgongoni. Ni kitu cha bei ndogo, mara nyingi hutolewa bure. Mvalisheni mtoto kabla hamjafikiria skafu.

YA KUBEBA NA YA KUACHA

Mkinisikiliza mimi, usiuze mali yako ununue nguo za Ulaya ukiwa kambini. Beba za kukufikisha tu: kwa kila mtu sweta moja, koti moja jepesi lisilopitisha maji kama umelipata, suruali ndefu, soksi jozi mbili, viatu vya kufunika. Hivyo viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo mkubwa, maana unaposhuka ndiyo unavihitaji. Yaliyobaki utayapata huku, mengi mitumbani, na mengine kwa majirani wenye watoto waliokua.

Nafasi itakayobaki, wekeni vitenge. Huku havipatikani kirahisi, na siku ya harusi au ya msiba utajuta. Wekeni picha. Weka kile ambacho mkono wa mzazi wako umekigusa.

Na jambo lingine, nalisema kwa uchungu. Tarehe ya safari siyo safari. Mnakumbuka Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi: kulikuwa na familia zenye tiketi tayari, zimeshauza vyombo, mbuzi na hata milango. Zilibaki zimekaa juu ya mabegi. Kwa hiyo usiuze sufuria kwa sababu ya koti. Mvua ya Bergen itakungoja, haina haraka.

KUHUSU MBUZI

Zile nguo za sufu nilizonunua siku ile nilizifua kwa maji ya moto kwenye mashine, zikatoka ndogo za kumtosha mwanasesere. Hilo nalo lijueni: sufu inataka maji ya uvuguvugu, na si kila siku, ianike tu kwenye hewa. Tulirudi tena Fretex. Dada wa Uvira akacheka tena, na safari hii na mimi nilicheka.

Binti yangu sasa ni mkubwa, anazungumza lugha yao kunizidi, na mvua ikinyesha ananiambia: “Mama, ni mvua tu.” Kofia anayovaa wakati wa baridi aliifuma bibi yake pale Base Camp, kwa nyuzi za sokoni za rangi mbili. Siyo sufu hata kidogo, na imefumuliwa na kuongezwa kadiri kichwa kilivyokua. Kila nikimpigia mamamkwe anauliza kwanza: “Ile kofia bado inafika masikioni?” Namjibu inafika.

Mshahara wangu wa kwanza wa kusafisha ofisi, nilimtumia wa mbuzi. Akanunua wawili. Wakati huu namwomba asimuuze hata mmoja kwa ajili ya mtu yeyote anayesafiri.

Na lile koti? Tunalitandika chini ya mlango, kuzuia upepo. Kazi hiyo linaifanya vizuri sana.

Nawatakia subira wanaongoja, na nguo kavu wanaoondoka. Mungu awalinde.

Ni mimi mama wa watoto watatu, zamani wa Nakivale, sasa Bergen.