Mizigo ya Yas na Mizigo ya Baharini

Imeanza kuzoeleka miongoni mwa familia zetu, zenye uwezo wa wastani na hata zile zinazojibana mwaka mzima, kwamba likizo ya Desemba ianzie katika bustani za michezo za kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kisha wote wapande meli ya kitalii katika Bandari ya Zayed na kuizunguka Ghuba kwa siku kadhaa. Sisi tunaoshughulika na ofisi ya msikiti huyajua haya kwa njia ya makaratasi: cheti cha ndoa kinahitaji nakala, barua ya utambulisho inatakiwa leo kabla ya Alasiri, na mama wa nyumba amesimama mlangoni akiuliza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha fiqhi tulichokisoma chuoni, nalo ni kwamba afunge nini katika masanduku.

Swali hilo si dogo kama linavyosikika. Safari ya namna hii ni safari mbili zilizofungwa kamba moja, na kila moja ina matakwa yanayoipinga nyenzake. Bustani inataka uende mwepesi, mikono mitupu, viatu vilivyobana mguu. Meli inataka uwe na nguo za kubadili, nguo za heshima za usiku, na makaratasi yaliyokamilika. Anayechanganya vyote katika sanduku moja kubwa ataishia kulipekua mbele ya watu katika chumba cha hoteli, saa kumi na moja alfajiri, akitafuta soksi za mtoto.

Tuanze na Yas yenyewe. Bustani ya Ferrari World ilifunguliwa mwaka 2010 chini ya paa jekundu linaloonekana tangu angani, na humo mna kile kigari cha reli kiitwacho Formula Rossa kinachofikia mwendo wa kilomita 240 kwa saa, ambacho abiria wake hupewa miwani ya kukinga macho kwa upepo na vumbi. Yas Waterworld, bustani ya maji, ilifuatia mwaka 2013, Warner Bros. World mwaka 2018, ambayo yote imo ndani ya jengo lenye viyoyozi. Na SeaWorld mwaka 2023. Msafiri wa kwetu husikia neno Ghuba akafikiri joto tu, akafunga fulana na kandambili. Januari ya Abu Dhabi mchana ni takriban nyuzi 24, na usiku hushuka mpaka karibu na 14. Mtoto aliyezaliwa Tanga au Mombasa hajapata kuijua nyuzi 14. Ongeza viyoyozi vya mchana kutwa, kisha upepo wa sitaha usiku, utaona kwamba sweta ndiyo nguo ya kwanza kuingia sandukuni.

Katika vigari vya mbio hakuna kitu kinachoruhusiwa kuning'inia. Simu, miwani, kofia na mikoba huachwa katika makabati. Kwa dada zetu, mtandio mrefu wenye pini nyingi ni taabu na ni hatari. Wafunge hijabu za kuvaa kichwani moja kwa moja, zisizo na pini, na ncha zake zichomekwe ndani ya nguo. Kwa bustani ya maji, lisichukuliwe vazi la pamba hata kama ni la stara kiasi gani: pamba hunyonya maji, huwa nzito, na wasimamizi wa mabwawa huikataa. Burkini ya nailoni inakubalika huko, na kwa nchi ile si jambo la kutazamwa mara mbili. Baba naye asisahau kwamba ana mipaka yake ya stara. Kaptula fupi ya mpira wa miguu haimtoshi.

Mpimeni kila mtoto kimo nyumbani, akiwa peku, mwandike. Michezo mingi hupimia watoto kimo langoni, na machozi ya mtoto aliyeahidiwa kwa miezi sita kisha akakataliwa kwa sentimita mbili ni bora yamwagike sebuleni kwenu kuliko huko, tiketi ikiwa imekwishalipiwa.

Tukifika kwenye makaratasi twende polepole, maana hapa ndipo fedha za miaka miwili hupotea asubuhi moja. Mtanzania na Mkenya huhitaji viza kuingia Falme za Kiarabu, na viza ya kawaida ya utalii aghalabu ni ya kuingia mara moja. Meli inapong'oa nanga Abu Dhabi na kutia Oman au Qatar, umekwisha kutoka katika nchi. Itakaporejea Abu Dhabi siku ya mwisho, utakuwa unaingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja hana ruhusa hiyo, na kampuni za meli, zikilijua hilo, humzuia abiria tangu gatini, kabla hajapanda. Basi iombwe viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, na iulizwe viza ya kila bandari ambayo meli itatia, hata kama hamna nia ya kushuka. Wakala wa tiketi asipoweza kulijibu swali hili kwa maandishi, tafuteni wakala mwingine.

Liko na jambo la majina. Kwa mila yetu mtoto hubeba jina la baba yake na la babu yake, na mama hubaki na jina la kwao. Hilo ni jema na lina asili katika dini. Lakini afisa wa mpakani aliyezoea familia yenye jina moja la ukoo ataona mwanamke na watoto watatu ambao hawafanani kwa lolote katika pasipoti. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vikionyesha jina la mama, pamoja na cheti cha ndoa, vikae katika mkoba wa mama mwenyewe. Ikiwa baba hasafiri, iandikwe barua ya ridhaa yake na ithibitishwe na mwanasheria. Pasipoti zote ziwe na miezi sita mbele baada ya siku ya kurudi. Ya mtoto huisha upesi kuliko ya mkubwa na ndiyo inayosahauliwa.

Dawa nazo ziangaliwe. Sheria za Falme za Kiarabu ni kali: vidonge vyenye kodeini au tramado, ambavyo kwetu mtu huweza kuvikuta katika kabati la nyumba yoyote yenye mgonjwa wa mgongo, ni dawa zilizodhibitiwa na huhitaji kibali kabla ya safari. Dawa zibaki katika pakiti zake, na cheti cha daktari kiwe pamoja nazo. Mirungi ni marufuku kabisa, na wala haifai kulitaja hilo kwa mzaha uwanjani. Kama yuko mjomba anayeomba "akusindikizie kifurushi kidogo" kwa rafiki yake wa Dubai, kifungueni mbele yake au mkiache.

Sasa meli. Siku ya kupanda, masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi gatini na huwafikia mlangoni pa chumba baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo kila familia iwe na begi la mkononi lenye pasipoti, dawa, nepi, nguo za kuogelea na nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto, kwa sababu watoto wataliona bwawa la sitaha kabla hamjaliona sanduku lenu. Usiku wa mwisho mambo hugeuka: masanduku hutolewa ukumbini yakachukuliwe, na abiria hubaki na alichokiacha nje. Wapo walioamka asubuhi hiyo wakakuta kwamba viatu vyote vimekwenda.

Katika meli moto ndio adui mkubwa, na orodha ya vitu vilivyokatazwa inatuhusu sisi kuliko wengine. Pasi haikubaliwi, wala birika la umeme. Mishumaa hairuhusiwi, na vivyo hivyo kitu chochote cha kufukiza. Chetezo na udi, ambavyo bibi zetu hawawezi kuhamia hata nyumba ya jirani bila navyo, vibaki nyumbani. Chupa ndogo ya atari itatosha. Maadamu pasi hakuna, kanzu zikunjwe kwa kuviringishwa na si kwa kukatwa pembe, na zitundikwe mara tu sanduku linapofika. Usiku wa mavazi rasmi, ambao meli nyingi huwa nao, usiwatie wasiwasi wa kununua suti: kanzu nyeupe safi na kofia nzuri, na kwa mama baibui lenye darizi, ni mavazi rasmi kokote Ghuba. Plagi za Abu Dhabi ni zile zile za pini tatu tunazotumia kwetu, lakini meli nyingi zina matundu ya kizungu cha bara na ya kimarekani, basi adapta moja ya kila aina. Kuta za vyumba ni za chuma, na kulabu za sumaku hushika barabara. Katika chumba ambacho watu wanne hupishana kwa zamu, kulabu sita ni neema.

Kwa mintarafu ya twahara, hatutaona haya kulisema: vyoo vya meli hazina mpira wa maji. Kopo la plastiki linalokunjika huuzwa kwa bei ndogo na lina thamani kuliko nguo tatu.

Bustani za Yas zina vyumba vya kuswalia, na mkeka mwembamba huingia katika mkoba wa mgongoni. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, msafiri asiyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hubaki na ruhusa ya kupunguza swala na kukusanya. Familia inayokaa Yas siku tatu imo ndani ya wasaa huo, na foleni ya michezo isiwe sababu ya kuipoteza Alasiri. Melini, husimama anayeweza kusimama, na ambaye mawimbi yanamwangusha hukaa. Kibla ndicho kinachowababaisha watu. Dira ndogo ya mkononi, na hata ile ya simu, hudanganywa na chuma cha meli. Tazameni ramani inayoonyeshwa katika televisheni ya chumbani ili mjue meli inaelekea wapi, kisha mkumbuke kwamba kutoka Abu Dhabi na Maskati, Makka iko magharibi kwa kuelemea kusini kidogo. Mtoto aliyekulia Dar es Salaam, ambako kibla ni kaskazini, atashangaa. Mweleze, ni jiografia atakayoikumbuka kuliko ya darasani.

Chakula kwa ufupi: meli hizi nyingi ni za kampuni za Ulaya, na nguruwe na vileo vimo. Ombi la chakula halali liandikwe wakati wa kukata tiketi, si mezani. Samaki na mboga hazikosekani. Anayeona kwamba nafsi yake haitulii mahali pombe inapopita ana haki ya kubaki nchi kavu, na hatudhani kwamba atakuwa amekosa jambo kubwa.

Tumelichelewesha lile tulilopenda kulisema zaidi. Baadhi ya safari hizi hupita Khasab, katika milima ya Musandam inayozama baharini, na baadhi hutia Maskati, gatini Matrah, chini ya ngome za zamani. Majahazi yaliyotoka pwani hizo kwa upepo wa kaskazi yalitufikishia tende, na yakarudi na boriti kwa kusi. Lakini kwa familia nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa, Matrah si historia ya majahazi. Ni shangazi. Mapinduzi ya 1964 yaligawa nyumba. Na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wengi wa waliotawanyika walirejea Oman wakiwa na Kiswahili chao, ambacho mpaka leo hukisikia ukipita sokoni kati ya maduka ya halwa na ubani. Kuna mabibi huko wenye umri wa miaka themanini ambao mara ya mwisho kumwona ndugu yao alikuwa bado anavaa sare za shule.

Kwa wao lifungwe begi la tatu, dogo. Vyakula vya kupika nyumbani na matunda mabichi mara nyingi huzuiwa, basi msihangaike na embe. Karafuu zilizofungwa pakiti, kahawa, doti ya khanga yenye jina lisilo la mafumbo mabaya. Picha za makaburi ya wazee, zilizochapishwa karatasini, kwa sababu macho ya uzeeni hayaipendi simu. Na kabla ya kuondoka, mpigeni picha inayotembea bibi aliyebaki nyumbani, asiyeweza kusafiri, akimtaja nduguye kwa jina lake la utotoni na kumweleza habari za mji; itieni katika simu mbili, si moja, na msitegemee intaneti ya melini, ambayo ni ghali na hukatika.

Meli hukaa bandarini saa chache tu. Shangazi apigiwe simu wiki moja kabla ili asipike kwa ajili ya kijiji kizima akawazuia mlangoni. Saa ya mwisho ya kurudi melini iandikwe katika karatasi, na itolewe saa nzima kwa ajili ya msongamano wa barabara ya ufukweni, na nusu saa nyingine kwa kuagana.