Mikono Iliyombeba Kassoma

Tarehe 3 Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Angola na Brazil walikutana katika mpira wa mikono wa wanawake. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi, na mshindi angeingia robo fainali. Mchezo ukiwa umepamba moto, nahodha wa Angola, Albertina Kassoma, aliumia goti akashindwa kutembea. Tamires Araújo wa Brazil, mpinzani wake, akainama, akamnyanyua, akatoka naye nje ya uwanja amempakata mikononi.

Watu waliusifu moyo wake wa huruma, na walikuwa na haki. Lakini mimi niliyeucheza mchezo huu enzi za UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, niliyatazama zaidi mabega yake.

Wote wawili ni mapivoti. Pivoti husimama kwenye mstari wa mita 6, ameupa goli mgongo, katikati ya ukuta wa mabeki. Huvutwa jezi, hukumbatiwa kiunoni, hupigwa viwiko vya mbavu ambavyo refa havioni. Katika msukosuko huo anatakiwa asing'oke, audake mpira hata kwa mkono mmoja, ageuke na kurusha kabla hajabanwa. Akifunga, pasi iliyomfikia ndiyo husifiwa. Kule kusukumana kwa dakika 60 hakuna anayekuhesabu. Mwili wa kuihimili kazi hiyo hujengwa kwa miaka, kwa vyuma na jasho.

Kassoma alikuwa na miaka 28, binti aliyetoka Angola akaenda kucheza kwa kulipwa Ulaya. Alizaliwa 1996, mwaka ambao wanawake wa Angola walicheza Olimpiki yao ya kwanza ya mchezo huu, kule Atlanta, na tangu hapo hawajakosa hata moja. Pale Paris walikuwa wameshawafunga Hispania 26-21. Kazi yote hiyo, mshahara na jina, imebebwa na magoti mawili. Kila mchezaji anaijua hofu ya goti kuumia, na nadhani ndiyo maana aliyekuwa akipigana naye vikumbo alielewa upesi.

Na hakuelewa tu, aliweza. Kumbeba pivoti mwenzako si kazi ya moyo peke yake. Nguvu aliyoijenga ili amzuie Kassoma ndiyo iliyomwezesha kumbeba. Hilo limenikaa, kwa sababu huku kwetu msichana mwenye mwili mkubwa hufundishwa mapema kuuonea haya. Shangazi atamwambia mabega yale yatamkimbizia wachumba, wenzake watamtania darasani, naye ataanza kutembea ameinama. Nimewaona wasichana wa aina hiyo wakiacha michezo wakiwa kidato cha pili, na inaniuma, maana mchezo upo ambao unawahitaji jinsi walivyo. Nguvu za mwanamke si za kuficha. Siku moja mtu atazihitaji, pengine hata yule anayeshindana naye.

Brazil walishinda 30-19, Angola wakarudi nyumbani.

Mwalimu wa michezo, siku ya kuchagua timu ukimwona msichana mwenye umbo kubwa amejibanza nyuma ya wenzake, mwite kwa jina lake. Mpe mpira, mpange pale kwenye mstari wa mita 6.