Jukwaa Lilipoanza Kudai Cheti

Kwa miaka mingi, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, aliyefunga jukwaa la ujenzi hakuulizwa alisomea wapi. Jukwaa lenyewe lilikuwa la mirunda, mbao na misumari. Aliyelifunga alikuwa kijana aliyeingia kazini kama saidia fundi, akabeba zege na matofali, akawatazama wakubwa wake wanavyosimamisha nguzo na kuzifunga kwa mshazari zisiyumbe, hadi siku alipoachiwa afunge mwenyewe. Ushahidi wa ujuzi wake ulikuwa neno la fundi aliyemlea, pamoja na majengo yaliyopigwa lipu hadi juu bila mtu kuanguka. Si utaratibu wa kudharauliwa. Sheria ya kimataifa yenyewe ilisimama hapo hapo: Mkataba Namba 62 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1937, uliagiza kwamba jukwaa lisijengwe, lisibomolewe wala kufanyiwa mabadiliko makubwa isipokuwa chini ya msimamizi mwenye uwezo, na kadiri iwezekanavyo kwa mikono ya wafanyakazi wenye uzoefu wa kutosha wa kazi hiyo. Kilichodaiwa ni uzoefu.

Kisha chuma kikaja, na pamoja nacho maghorofa. Bomba la kipenyo cha milimita 48.3 na vibanio vyake hupanda juu kuliko mrunda wowote, lakini hudai hesabu ambazo jicho peke yake halizitoi: kila sakafu ibebe uzito gani, jukwaa lishikizwe ukutani kila baada ya umbali gani, upepo utalisukuma kwa nguvu gani likishafunikwa turubai. Anayekosea hapa hajiui peke yake. Anawaua wapaka rangi, wapiga lipu na wapita njia ambao hawakuwa na namna ya kujua kwamba kibanio kimoja hakikukazwa. Ndiyo maana sheria zikahama. Kanuni za Uingereza za kazi za mahali pa juu, za mwaka 2005, haziridhiki tena na uzoefu. Zinataka anayejenga au kubomoa jukwaa awe amepata mafunzo mahususi ya kazi hiyo, ikiwemo kuelewa mpango wa ujenzi wake, mizigo inayoruhusiwa na hatua za usalama hali ya hewa ikibadilika. Huku kwetu, Tanzania iliunda mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, Kenya ikawa na majaribio ya ufundi ya madaraja matatu, na taratibu mlango wa kazi yenye malipo ya heshima ukahamia kwenye cheti. Siulaumu mwelekeo huo, kwa kuwa unalinda maisha. Ninachokilaumu ni kwamba walioweka mlango mpya hawakuwafikiria watu waliokuwa tayari ndani ya nyumba.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyepata ujuzi wake ng'ambo. Wapo vijana wetu waliofanya kazi katika nchi za Ghuba, kwenye maghorofa na mitambo ya mafuta, ambako jukwaa hukaguliwa na kutundikwa kibao cha kijani kabla mtu hajaruhusiwa kupanda. Huko kuna mafunzo yanayotolewa chini ya CISRS, mfumo wa Uingereza wa kadi za wajenzi wa majukwaa, wenye kozi maalumu kwa nchi za nje. Lakini kadi hiyo ya nje haimruhusu mwenye nayo kufanya kazi hiyo Uingereza kwenyewe. Sababu ipo: njia ya Uingereza ni ndefu zaidi, na hudai miezi ya kazi halisi kati ya kozi moja na nyingine. Australia nayo, ambako jukwaa ambalo mtu anaweza kuanguka kutoka zaidi ya mita 4 hudai leseni maalumu, haipokei leseni ya nchi nyingine. Kila mtu hupimwa upya. Na mtu huyo akirudi nyumbani, mwajiri anaigeuzageuza kadi yake asijue ni ya daraja gani, kisha anamlipa ujira wa kibarua.

Hoja yangu ni kwamba uzoefu hauna haki ya kupitishwa, ila una haki ya kupimwa. Mwaka 2004 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Namba 195, lilizitaka nchi ziweke taratibu za kutambua ujuzi bila kujali ulipatikana nchi gani, darasani au nje ya darasa, na likawataja wafanyakazi wahamiaji waziwazi. Tanzania ina programu ya kurasimisha ujuzi, ambapo VETA, kwa kushirikiana na Ofisi ya Waziri Mkuu, huwapima mafundi waliojifunzia kazini, huziba mapengo yao kwa mafunzo mafupi na kuwapa vyeti. Kenya ilizindua sera yake ya kutambua ujuzi wa namna hiyo mwaka 2024, miaka kumi baada ya kupitisha sheria ya mfumo wa taifa wa sifa za elimu na ujuzi. Kazi ya jukwaa inastahili nafasi yake yenyewe katika taratibu hizi, isihesabiwe kuwa kazi ndogo ya waashi, tena inapimika kuliko nyingi. Mpe mtu mchoro, mabomba, vibanio na mkanda wa usalama, afunge jukwaa mbele ya mtathmini anayeijua kazi. Kisha mpeleke kwenye jukwaa lililokosewa kwa makusudi, atafute makosa. Ataanza na ardhi, aone kama miguu imekalia kitu kigumu, au atakimbilia mbao za juu. Kabla ya jua kuzama mtathmini atakuwa na ushahidi ambao barua kumi za waajiri, za kweli au za kughushi, haziwezi kumpa.

Wapo watakaosema huku ni kulegeza usalama. Lakini mtihani haulegezwi; kinachoondolewa ni darasa la mambo ambayo mtu anayajua. Kumkalisha fundi wa miaka kumi na mitano pamoja na anayeanza hakumwongezei usalama. Kunamkatisha tamaa, akarudi kwenye maeneo yasiyokaguliwa, ambako hakuna anayempima kabisa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba miaka mingi yaweza kuwa miaka mingi ya kukosea. Aliyezoea kupanda bila kujifunga, au kung'oa kishikizo cha ukutani kwa sababu kinamzuia mpiga lipu, amejifunza kitu, na amejifunza vibaya. Nakubali kabisa, na ndiyo maana napinga kumpa mtu daraja kwa kuhesabu miaka yake. Miaka impe nafasi ya kuingia kwenye jaribio. Daraja litoke mikononi mwake. Na kama vifaa vinatofautiana, kwamba aliyezoea majukwaa ya kuchomeka hajawahi kufunga bomba kwa kibanio, basi afundishwe hilo, apimwe hilo.

Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia kutambuana si kwa vyeti pekee bali pia kwa uzoefu uliopatikana katika nchi nyingine mwanachama. Wasanifu majengo walipata makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012. Mafundi hawamo katika makubaliano hayo. Aliyechora jengo anavuka mpaka wa Namanga na sifa zake, aliyekokotoa nguzo zake vilevile, ila anayewajengea wote mahali pa kusimama anahesabiwa kuwa mgeni wa kazi. Mamlaka za mafunzo za Nairobi, Dodoma na Kampala zikubaliane jaribio moja la mjenzi wa jukwaa, linalotambulika pande zote za mpaka, na sehemu ya gharama yake itoke kwenye tozo za mafunzo ambazo waajiri wa Kenya na Tanzania wanalipa tayari.