Nani Aseme "Simama"?

Utamaduni wa kiwanda huonekana pale kazi inapoharibika: ni nani mwenye ruhusa ya kusema "simama"?

Huko Fremont, California, kiwanda cha magari cha General Motors kilifungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota ya Japani, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani. Awali, kuisimamisha kazi ya kuunganisha magari ilikuwa amri ya wakubwa. Sasa kila mfanyakazi aliwekewa kamba ya kuvuta aonapo kasoro. Kiwanda kilichojulikana kwa migomo na utoro kikaja kusifika kwa ubora wa magari yake.

Sisi nasi twajua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Tanzania iliagiza mabaraza ya wafanyakazi mwaka 1970, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea unyapara. Hata hivyo, katika utumishi wangu nimehudhuria vikao ambamo uamuzi ulisomwa tu, haukujadiliwa, na ukimya wa wajumbe ukaitwa heshima.

Tusiseme, basi, kwamba Mjapani kazaliwa hivyo na sisi vile. Watu wa Fremont hawakubadili damu; walibadilishiwa desturi. Baraza lisilosikilizwa ni ngoma isiyo na mchezaji. Heshima ya kweli ni kumpa mdogo kamba, na siku atakapoivuta, mkubwa aje kuuliza kasoro iko wapi, si kuuliza nani kaivuta.